Hedhi: Hakumbuki

Maneno hayo mawili niliyaandika kwa mkono wangu katika daftari la msichana wa miaka 14, na ni uongo. Hakuwa amesahau kitu. Mimi ndiye sikumuuliza. Kila mgonjwa wa kike anayefika na maumivu ya tumbo sharti aandikiwe tarehe ya hedhi yake ya mwisho, nami nilipomwona amejiinamia kando ya mama yake niliona haya kumuuliza, na niliona vibaya pia kuacha nafasi tupu. Nikajaza. Lau ningefungua mdomo, angenijibu kwamba hana ya mwisho kwa kuwa hajapata ya kwanza.

Mimi ni tabibu. Shahada ya udaktari sina, ingawa wagonjwa wananiita daktari na niliacha zamani kuwasahihisha. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa katika kituo cha afya cha kata, mkoani Tanga. Kwetu mgonjwa hununua daftari la shule dukani, na hilo ndilo faili lake: huja nalo, huondoka nalo, hulilaza chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki na risiti za ada. Natangulia kulitaja daftari kwa sababu ndilo lililokuja kunishitaki. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Binti alikuja na mama yake, lakini aliyemleta hasa ni shule. Mwalimu wa malezi alikuwa ameliona tumbo lililonyanyuka juu ya kinena. Miaka ile, kabla ya Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba katika shule ya serikali aliondolewa na hakuruhusiwa kurudi. Kwa hiyo sote mle chumbani, mama, nesi, mimi, na ile barua ya mwalimu iliyokunjwa mezani, tulikuwa na swali moja tu. Kipimo cha mkojo kikatoa mstari mmoja. Hana mimba. Mama akasema Alhamdulillahi, ndipo akakaa kitini. Nami nikajiona nimemwokoa mtoto wa watu. Nikaijibu shule kwa herufi kubwa na kupiga muhuri mara mbili.

Kumbe tumbo lilikuwa palepale. Kulikuwa na kitu ndani yake, na kitu hicho hakikuwa mimba. Basi kilikuwa nini? Swali hilo halikunijia. Hofu ya mimba ilikuwa imekijaza chumba kiasi kwamba ilipoondoka, kila mtu aliona kazi imekwisha. Kwenye mkojo kulikuwa na chembe chache za usaha. Nikaandika UTI, nikampa vidonge vya wiki moja, nikawaita wanaofuata.

Akarudi. Maumivu chini ya kitovu, mgongo, choo kigumu. UTI tena, dawa tofauti. Akarudi, nikampa dawa ya minyoo. Akarudi, nikamtibu malaria ambayo kipimo hakikuiona. Safari moja nikaandika PID, maambukizi ya nyonga ambayo mara nyingi huanzia kwenye ngono, nikaiandika kwa mtoto ambaye kizinda chake, kama nilivyokuja kuelewa, kilikuwa hakina hata tundu la kupitisha sindano. Mama alikuwa hajui kusoma herufi zile tatu. Binti, aliyekuwa sekondari, alizijua. Aliziona, akafunga daftari, na kuanzia hapo nikimsalimia hakunijibu zaidi ya kutikisa kichwa.

Usiku mmoja akaletwa akiwa hawezi kukojoa. Tumbo limekakamaa, analia kwa sauti ya chini. Zamu ilikuwa ya nesi mkunga wa siku nyingi, mwanamke aliyekuwa akizalisha kabla mimi sijaingia chuo. Akampitishia mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja, mtoto akapumua. Kisha akaja mezani kwangu, akanong'ona.

"Daktari, kule chini hapajakaa sawa. Kuna kitu kimevimba, kina rangi ya bluu, kimeziba njia. Njoo utazame."

Nikamjibu, "Sista, huyo ni mtoto. Tusimdhalilishe."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye adabu zake, na kwa miezi kadhaa niliendelea kujisifu moyoni kwa jibu lile. Leo naliona lilivyokuwa. Kumtazama kungechukua nusu dakika. Hakuna kinachoingizwa mwilini. Mama angesimama pale, nesi angeshika taa, binti mwenyewe angeombwa ruhusa na angeweza kukataa. Nilichokilinda usiku ule ni aibu yangu mwenyewe. Na kwa kuwa maneno yangu yalifanana na heshima, yule mkunga, anayenizidi umri na ujuzi, hakuwa na pa kushika. Akaitikia, akaenda kuandika ripoti yake ya zamu.

Nieleze kilichokuwa pale, maana wengi wenye mabinti hawajapata kuelezwa. Mtoto akiwa tumboni, tangu kama wiki ya sita, hujitokeza mirija miwili, mmoja kila upande. Inaitwa mirija ya Müller, kwa jina la Johannes Müller, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1830. Mirija hiyo hushuka, hukutana katikati, huungana, kisha kuta zilizogusana huondoka, kama watu wanaobomoa ukuta kati ya vyumba viwili wapate ukumbi mmoja. Zile sehemu za juu ambazo hazikuungana hubaki kuwa mirija ya uzazi. Iliyoungana huwa mfuko wa uzazi na sehemu ya juu ya uke. Sehemu ya chini ya uke huanzia kwingine, hupanda kuipokea ile ya juu, na mlangoni hubaki utando mwembamba ambao kwa kawaida hutoboka kabla mtoto hajazaliwa. Utando huo ndio kizinda. Ovari hazimo katika hadithi hii. Zina asili yake, na jambo hilo lina maana kubwa mbele.

Safari hiyo inaweza kukwama popote. Mirija isipoungana, mwanamke huwa na mifuko miwili ya uzazi, na wapo wanaozaa bila kujua mpaka siku wanapopasuliwa kwa jambo jingine. Ukuta wa katikati usipoondoka, mimba zinaweza kuharibika moja baada ya nyingine, na mtaani kwetu lawama itamwangukia jirani mwenye jicho baya. Tafiti zilizojumlishwa zimekadiria kwamba kama wanawake 5 au 6 kati ya 100 wana hitilafu ya namna fulani katika mfuko wa uzazi, wengi wao bila dalili yoyote. Na utando wa mlangoni usipotoboka, msichana huvunja ungo kwa ndani. Damu hushuka kila mwezi, hukuta pamefungwa, hujaa ukeni, huvimbisha tumbo, hubana kibofu mbele na njia ya choo nyuma. Mkojo unaogoma, mgongo, choo kigumu: kila alicholalamikia mtoto yule kilikuwa ni kitu kimoja kikisukuma pande zote, nami nilikigawa katika magonjwa manne na kukiandikia dawa nne.

Makadirio ya kizinda kisicho na tundu yanatofautiana, lakini mengi hutaja msichana 1 kati ya 1,000 au 2,000. Kwa kituo kinachozalisha kama chetu, hiyo ina maana kwamba wamepita mikononi mwetu. Kasoro hii inaweza kuonekana siku mtoto anapozaliwa. Tunahesabu vidole, tunapima uzito, tunachungulia kaakaa. Mtoto wa kike tunamfunika haraka, na vigelegele vinaanza.

Aliyemgundua ni daktari kijana wa mafunzo katika hospitali ya wilaya, siku mkojo ulipogoma mara nyingine na mimi sikuwa zamu. Alimtoa mama nje kwa upole, akamuuliza binti: umeshavunja ungo? Akajibiwa hapana. Hakuhitaji zaidi ya hapo kujua atazame wapi. Ultrasaundi ikaonyesha uke umejaa damu ya zamani na mfuko wa uzazi umesukumwa juu. Wakamlaza usingizi, wakafungua utando kwa mkato wa msalaba, ikatoka damu nyeusi, nzito. Hawakutoboa kwa sindano tu, kwa sababu tundu dogo hujifunga tena na kuacha wadudu ndani.

Haya sikuyapata kwa ripoti. Aliyenieleza ni mama, aliyekuja peke yake na daftari, kwa sababu alikuwa na swali aliloshindwa kuwauliza vijana kule wilayani.

"Daktari, wamemkata. Sasa mwanangu bado ni binti?"

Nikamwambia ni binti vilevile, kwamba kilichofunguliwa ni mlango ambao kwa wenzake ulikuwa wazi tangu kuzaliwa, na kwamba ubikira wa mtu hausomeki kwenye utando, uwepo au usiwepo. Nikaongeza kwamba wasichana wengi wenye tatizo hili huja kuzaa bila shida. Yote hayo ni kweli. Niliyasema vizuri, akashukuru. Kisha akanipa daftari niandike kwamba amepona.

Nikalifungua kutoka nyuma kwenda mbele. Mwandiko wote ulikuwa wangu. Na tarehe zangu zilikuwa zimefuatana kwa kupishana wiki nne hivi, mwezi baada ya mwezi: mtoto alikuwa akija na hedhi yake kituoni kila ilipofika, nami nikimwandikia tarehe, nampa vidonge. Kalenda nzima niliichora mwenyewe. Kwenye kila ukurasa, juu kushoto, hedhi: hakumbuki. Baada ya ile mara ya kwanza nilikuwa nikinakili tu.

Nilimwambia mama, "Tulichelewa kidogo." Nani hao waliochelewa? Mkunga alikuwa hajachelewa. Siku nilipojikaza kwenda kumwomba radhi alinisikiliza huku anakunja gozi, akavuta kitabu cha ripoti ya zamu, akanionyesha. Alikuwa ameandika usiku uleule: uvimbe wa bluu mlangoni mwa uke, huenda kizinda hakina tundu, daktari amejulishwa. Kitabu kile hukaa hatua chache kutoka mezani kwangu. Matabibu hatukisomi, ni mambo ya manesi.

Ningeishia hapa, ningekuwa na hadithi nzuri ya mtu aliyekosea akajirekebisha. Tatizo ni kwamba nilijirekebisha kupita kiasi. Nikawa mtu wa vizinda. Nikasoma kila nilichopata, nikawahutubia wanafunzi wa mazoezi, nikamsubiri mgonjwa wa pili kwa hamu ambayo sasa inanitia haya kuliko ule uzembe wa kwanza.

Akaja. Miaka 17, umbo la msichana aliyekua, matiti, nywele, urefu, kila kitu kwa wakati wake, ila hedhi hajaiona. Mama yake alikuwa na haraka kwa sababu kulikuwa na watu wameleta mazungumzo ya posa baada ya kidato cha nne. Safari hii niliuliza. Safari hii nilitazama, kwa ruhusa yake, nesi akiwa pale. Nje kila kitu cha kawaida. Ndani, kishimo kifupi, kisha pamefungwa. Nikasema moyoni: nimekupata.

Binti alikuwa bado anavaa nyuma ya pazia nilipomgeukia mama kwenye benchi. "Ni utando tu. Watafungua, na mwezi ujao ataona siku zake." Kwenye barua ya rufaa nikaandika: kizinda kisicho na tundu, afanyiwe upasuaji mdogo.

Daktari bingwa alinipigia simu baada ya siku chache. Hakugomba. Aliniuliza kama tumbo la mgonjwa lilikuwa limevimba. Nikasema hapana. Kama aliwahi kuumwa kila mwezi. Nikanyamaza, kwa sababu sikuuliza. "Hajawahi kuumwa hata siku moja," akasema. "Angekuwa na damu iliyozuiliwa tangu miaka mitatu, minne, ungemwona anatembea wima vile? Hana damu kwa sababu hana mfuko wa uzazi. Na nyuma ya kile kishimo hakuna kilichojificha. Mbele kuna kibofu, nyuma kuna rektamu. Kama angeangukia kwa mtu mwenye kisu na barua yako mkononi, angekata nini?"

Hali ile inaitwa kwa herufi za kwanza za madaktari wanne, Mayer, Rokitansky, Küster na Hauser, ambao maandishi yao yametawanyika kutoka 1829 hadi 1961. Huwapata kama wanawake 1 kati ya 4,500 hadi 5,000. Ile mirija miwili haikukua ikawa mfuko wa uzazi wala sehemu ya juu ya uke. Ovari, kwa kuwa zina asili nyingine, zipo na zinafanya kazi, ndiyo maana msichana hukua sawasawa na wenzake na hakuna anayeshuku. Figo huumbika jirani na mirija hiyo wakati uleule, kwa hiyo baadhi yao huwa na figo moja, au figo iliyokaa mahali pasipo pake, na ni lazima zitazamwe. Uke unaweza kupatikana taratibu, mara nyingi bila kisu, kwa vifaa laini ambavyo mwanamke hujitumia mwenyewe, kidogo kidogo kwa miezi, siku atakapokuwa tayari na kwa kutaka kwake. Hilo la kutaka kwake bingwa alilirudia. Yeye alizungumza na binti kwanza, wawili, mlango umefungwa, ndipo akamuuliza nani mwingine angependa ajue.

Lakini nani mwingine ajue lilikuwa limeshaamuliwa kwenye benchi langu. Mama alikuwa amewaambia dada zake kwamba ni utando, utafunguliwa. Dada zake wakawaambia waliowaambia. Mwezi ukapita, ukoo ukauliza. Mwingine ukapita. Waliokuja kuposa wakaacha kuja, bila ugomvi, kama watu wanavyoacha. Kosa la kwanza lilimuumiza mtoto kwa miezi, kisha likatibika. Hili la pili sina mkato wa msalaba wa kulifungulia.

Nilitamani sana kumtafuta nimpe habari ya Uswidi. Mwaka 2014, mjini Gothenburg, timu ya Mats Brännström ilizalisha mtoto wa kwanza duniani kutoka katika mfuko wa uzazi uliopandikizwa, na mama wa mtoto huyo alizaliwa na hali hii hii. Ni habari ya kweli na nzuri. Ila nilipojichunguza niliona nataka kuitumia kujisafishia mikono: nimpe tumaini jingine kubwa, nisamehewe lile la uongo. Nikaacha. Tena kijana mwenye simu mkononi alikuwa hanihitaji; habari hiyo alikuja kuniambia yeye mwenyewe.

Maana alikuja, peke yake, muda mrefu baadaye, siku ya soko. Nikamsimamisha nesi nje, nikafunga mlango, nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi. Akanikatisha kwa "samahani, daktari" yenye adabu kamili. Alitaka kitu kimoja. Mama yake alikuwa akimzungusha kwa waganga. Bingwa alisema haiwezekani, lakini daktari wa kata alisema kitafunguka, na mama aliamua kumwamini yule aliyempa jibu zuri. "Wewe ndiye uliyemwambia kitafunguka," akasema. "Nenda ukamwambie hakifunguki."

Nikaenda Ijumaa baada ya swala, bila koti jeupe. Binti akakaa nasi. Yeye ndiye aliyechagua nani awemo, na mashangazi hawakuwemo. Nikasema nilichokiona, nilichokidhani, na kile ambacho sikukiuliza. Nikasema mwanawe hakurogwa, hakukosa kitu, hana kilichofungwa, na kwamba dawa za kunywa na za kujifukiza ziishe leo. Mama alinisikiliza hadi mwisho akichambua mchele. Halafu akataka kujua mbuzi wake atarudishwa na nani, yule aliyempeleka kwa mganga, kwa sababu asingemtoa kama si maneno yangu. Binti akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake. Nikasema nitalipa. Alikuwa beberu mkubwa, bei yake si ya mshahara wa tabibu kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo tulikubaliana mafungu, na fungu la mwisho mama bado ananidai.